Kajileta, Muhogo Ulioitwa Takataka

Wembe mpya. Naanza na hapo, vijana wangu, kwa sababu nikianza na kompyuta mtadhani kazi yetu inaanzia kwenye kompyuta. Inaanzia kwenye wembe, jani changa la muhogo, na kisahani cha kioo kilichowekwa juu ya barafu. Unalikata jani ndani ya maji ya dawa, unalikata tena na tena, mpaka liwe laini kama kisamvu cha mtu asiye na meno. Wembe butu haukati, unaponda. Ukiponda, viini vya seli vinapasuka na asubuhi yako imekwenda. Majani mawili kwa wembe mmoja, kisha utupe. Nimemwona mtu mwenye shahada mbili akikatia wembe ule ule wiki nzima, na kila siku analalamika kwamba mashine ni mbovu.

Naitwa Somoe. Nimestaafu, nakaa nyumbani kwetu Kilwa Masoko, lakini miaka yangu ya kazi niliimalizia katika kituo kimoja cha utafiti wa mazao huko Lindi. Kaka yangu alikuja kunitembelea kazini mara moja tu. Alisimama mlangoni, akanitazama nikikata majani kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na nazi mnatia saa ngapi?" Mpaka leo anawaambia watu dada yake aliajiriwa kupika kisamvu.

Tulichokuwa tunatafuta ni hiki. Ndani ya kila seli ya muhogo kuna kiini, na ndani ya kiini kuna nyuzi ndogo mno zinazobeba urithi wa mmea. Hizo ndizo kromosomu. Muhogo wa kawaida una kromosomu thelathini na sita, yaani seti mbili, moja ya mama na moja ya baba. Lakini hutokea mmea ukawa na seti zaidi, na mmea wa namna hiyo pengine huwa na majani manene, mizizi mikubwa na ukaidi mbele ya maradhi. Mnajua wenyewe ugonjwa wa michirizi kahawia ulivyotutesa pwani hii. Unang'oa muhogo umejaa, unafurahi, unaupasua na ndani umeoza. Kwa hiyo mmea wenye seti za ziada ulikuwa mali kwetu.

Nilipoajiriwa tulihesabu kwa macho. Aliyenifundisha ni Mzee Nachenga, Mmwera mmoja mpole, fundi mkuu wa maabara. Alichukua ncha ya mzizi mchanga, akailainisha kwa asidi, akaitia rangi, akaiweka kwenye kioo cha darubini na kuibonyeza kwa kidole gumba taratibu, kama anayemkanda kichanga. Kisha unaangalia na kuhesabu. Kromosomu za muhogo ni ndogo na zimemwagika ovyo, nyingine zimelaliana. Mmea mmoja unaweza kukumaliza tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Mwezi wangu wa kwanza nilihesabu nikapata thelathini na nane. Nikarudia, nikapata thelathini na nne.

"Umepata ngapi?" Mzee Nachenga akaniuliza.

"Thelathini na sita, mzee."

"Umezihesabu, au ulikuwa unajua?"

Nikainamia tena darubini.

"Andika ulichohesabu," akasema. "Kama tunaandika tunachokijua tayari, tufunge darubini twende nyumbani."

Baadaye ikaletwa mashine. Hii nayo niieleze kidogo, maana ninyi mmeikuta tayari, mnaiona kama friji. Ukishakata jani, unachuja, unatia rangi inayonata kwenye kromosomu, unaweka kwenye mashine. Viini vinapita kimoja kimoja mbele ya mwanga wa leza, maelfu kwa maelfu, na kila kiini kinang'aa kwa kadiri ya kilichomo. Mashine inahesabu mng'ao na kuchora vilima. Unaanza na muhogo unaoujua, unaona kilima chake kimesimama wapi. Kisha unapitisha muhogo usioujua. Ukiwa na seti nne, kilima chake kinasimama mbali mara mbili. Hiyo ndiyo siri yote.

Hapo mwanzo tulichapa kila mchoro kwenye karatasi, tukapima kwa rula na penseli. Mzee Nachenga alizibandika karatasi ukutani, na asubuhi alizipitia na kikombe chake cha chai mkononi kama mtu anayekagua shamba. "Huyu amekatwa vibaya," anasema. "Huyu rangi haikushika. Huyu jani lake lilikufa njiani."

La kufa njiani lilikuwa kosa langu. Nilimwagiza dereva wa bodaboda aniletee majani kutoka shamba la majaribio huko Tingi mpaka Masoko, nilipokuwa nakusanya sampuli. Nikamwambia tu aniletee majani, basi. Akayaweka kwenye mfuko mweusi wa plastiki, akaufunga, akautundika kwenye usukani, jua la saa saba likaupiga njia nzima. Nilipoufungua, mvuke ulinipiga usoni. Yalikuwa yameiva. Tangu hapo jani nililitaka lifungwe kwenye kitambaa chenye maji, liwe ndani ya sanduku la barafu, na nilimweleza dereva sababu. Mtu akijua sababu hatundiki tena sanduku lako juani. Mkiagiza mtu kitu, mwambieni kwa nini.

Sasa kompyuta.

Nilipelekwa Dar es Salaam kwenye mafunzo, nikajifunza kuandika programu. Nilirudi na moto. Wakati huo tulikuwa na kazi moja: tulikuwa tunatia miche dawa inayofanya kromosomu ziongezeke maradufu, kisha tunapima ipi imekubali na ipi imekataa. Jibu ni mbili au nne. Nikaandika programu inayosoma vipimo vya mashine moja kwa moja, inatafuta kilima, inaandika: mbili, au nne. Kilima kikikaa katikati, yaani si mbili wala nne, iandike TAKATAKA. Nilikuwa na sababu. Katika miche ile, kilima cha katikati kila mara kilikuwa cha jani lililochoka au rangi iliyotiwa vibaya. Tulikuwa tumeyaona hayo ukutani mara nyingi.

Programu ilifanya kazi vizuri, ila ilikuwa nzito. Kompyuta yetu ilikuwa ya zamani, na kilichoichelewesha ni kuchora. Kwa hiyo nikaiondolea michoro. Isome, iamue, iandike jibu tu. Jamani, ilikimbia! Kazi tuliyokuwa tunaifanya wiki mbili kwa rula iliisha kabla chai yangu haijapoa. Mkuu wa mradi wetu, Dokta Mkonda, aliwaita wageni waje waone. Nilikuwa nabonyeza kitufe mbele yao, orodha inateremka, wanapiga makofi. Nisiwafiche, nilipenda.

Mzee Nachenga alikuja akasimama nyuma yangu siku hizo. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu.

"Vilima viko wapi?"

"Havihitajiki tena, mzee. Kompyuta inaviona yenyewe."

"Na wewe unaona nini?"

"Naona jibu."

Akatikisa kichwa kidogo, akaenda zake kunywa chai. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Mwaka uliofuata mradi ukabadilika. Badala ya miche yetu ya dawa, tukaanza kukusanya mihogo ya wakulima wenyewe, kijiji kwa kijiji, tuone kama imo yenye seti za ziada iliyojitokeza yenyewe. Kila mkulima alileta pingili chache, tukazipanda kituoni, tukapima majani. Programu ilikuwa ile ile. Sikuigusa. Wala haikunijia akilini kwamba kazi imebadilika na programu haijui.

Miongoni mwa waliotuletea pingili alikuwa Bi. Tumu wa Kilangala, mjane wa makamo ya mama yangu, mwembamba, mcheshi. Muhogo wake aliuita Kajileta.

"Sikuupanda mimi," alituambia. "Uliota wenyewe pembeni ya shamba, kutoka kwenye mbegu, nikauacha. Mihogo mingine yote ilioza mwaka ule. Huu nikaung'oa, nikaupasua, mweupe! Ndiyo nikauita Kajileta."

Tuliuandika. Tukapanda mashina matano. Majani yake yalikuwa manene, yamekunjamana kidogo, ya kijani kilichoiva. Nikapima. TAKATAKA. Nikapima tena mwezi uliofuata. TAKATAKA. Mara ya tatu nilikata kwa mkono wangu, wembe mpya, barafu, kila kitu. TAKATAKA. Kanuni ya mradi ilisema sampuli ikishindwa mara tatu inafutwa, mashina yanang'olewa na kuchomwa ili tusitunze maradhi, na mkulima anaandikiwa barua. Nikaifuta. Nikaenda kula.

Wiki chache baadaye, asubuhi, Bi. Tumu akatokea ofisini kwetu na barua mkononi. Alikuwa ametoka Kilangala alfajiri. Vumbi lilikuwa limemfika magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesomewa hii barua. Inasema muhogo wangu haufai."

"Samahani, bibi. Mashine haikuweza kuupima."

"Basi, sina ugomvi na mashine. Nipeni pingili zangu nirudi nazo."

Nikamuuliza kwani shambani hana. Akakaa kwenye kiti, akatandaza khanga yake magotini.

"Nguruwe pori," akasema. "Waliingia wakafukua shamba zima, wakavunja mpaka miti. Kilichobaki mbuzi wa jirani wakamalizia. Nimetafuta kwa majirani, kila niliyempa naye analia hivyo hivyo. Uliobaki duniani ni huu mlio nao ninyi. Kama kwenu ni uchafu, kwangu si uchafu."

Nilifungua daftari la shamba nimpe namba ya mstari. Kajileta alikuwa kwenye orodha ya kung'olewa. Tarehe ilikuwa ya siku ile ile.

Nilikimbia, vijana. Mwanamke wa umri wangu na gauni la maabara, nikikimbia katikati ya mistari ya mihogo. Nilikuta mashina mawili yameshatupwa kwenye rundo na vibarua wameshika la tatu. Rundo lilikuwa linangoja kiberiti. Nikawaambia waache. Msimamizi wao akanijibu ana amri ya maandishi, na akaitoa mfukoni. Chini yake kulikuwa na sahihi yangu.

Dokta Mkonda akaja. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni.

"Umeshindwa mara tatu, Somoe. Ni wewe uliyepima."

"Najua, Dokta. Mwache huyu mama achukue pingili zake."

"Pingili zilizoshindwa kupimwa hazitoki kituoni. Kama zina ugonjwa tusioujua, tutakuwa tumeusambaza sisi."

Na hapo alikuwa na haki. Nikamwomba anipe mpaka saa nane niupime tena. Akaangalia saa yake, akamwangalia Bi. Tumu aliyekuwa amenifuata taratibu na kusimama pembeni, akasema, "Saa nane."

Nikachuma jani kutoka kwenye shina lililokuwa bado limesimama. Nikakata. Nikapitisha kwanza muhogo tunaoujua, kisha Kajileta. Lakini safari hii sikuipa programu yangu. Niliwasha uchoraji wa mashine yenyewe, ule wa zamani wa polepole, nikachapa karatasi mbili na kuziweka juu ya meza.

Nilitarajia kuona takataka. Mchoro wa takataka una sura yake: umetawanyika, umetambaa chini kama maji yaliyomwagika. Huu haukuwa hivyo. Kilikuwa kilima kimoja, chembamba, safi, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvikata, kimesimama katikati kabisa. Nikachukua rula. Mara moja na nusu ya muhogo wa kawaida. Nikapima tena. Moja na nusu.

Seti tatu. Muhogo wa Bi. Tumu ulikuwa na seti tatu, na mimi nilikuwa nimeiambia kompyuta kwamba tatu haipo.

Nikavuta kiti, nikakaa. Nilikuwa nimetazama neno TAKATAKA mara tatu, na kilima kile sikukitazama hata mara moja. Mara tatu mashine ilipima sawasawa, na mara tatu programu yangu ikatupa kipimo kabla jicho la mtu halijakiona.

Nilimwita Mzee Nachenga, aliyekuwa katika wiki zake za mwisho kazini. Akaangalia karatasi, akaangalia rula iliyokuwa mkononi mwangu. Alisema, "Tuhesabu." Tukachukua ncha za mizizi kutoka kwenye yale mashina mawili yaliyong'olewa, yalikuwa na mizizi michanga bado. Yeye darubini moja, mimi nyingine, kila mtu na karatasi yake, bila kuambiana. Saa saba na nusu tukageuza karatasi. Hamsini na nne. Hamsini na nne.

Dokta Mkonda alisoma zile karatasi amesimama. Nilidhani atafurahi, maana mmea wa namna hiyo ndio tuliokuwa tunautafuta. Akauliza swali moja tu.

"Wengine wangapi?"

Nilikuwa sijafika huko. Tulirudi kwenye vipimo vya zamani, nikarudisha michoro, tukapitia kila sampuli iliyoandikwa TAKATAKA tangu tuanze kukusanya kwa wakulima. Nyingi zilikuwa takataka kweli, majani mabovu. Lakini sampuli kumi na moja zilikuwa na kilima safi cha katikati. Tisa kati ya hizo zilikuwa zimeshachomwa.

Mjue kwamba muhogo wa seti tatu kwa kawaida hautoi mbegu za maana. Hauzaliwi upya. Unaendelea kwa pingili tu, kutoka mkono hadi mkono. Pingili ya mwisho ikiungua, umekwisha.

Kesho yake nilisimama mbele ya kikao cha kituo nikasema kosa ni langu, nikaeleza lilivyotokea. Kijana mmoja wa kompyuta alitaka kunisaidia, akasema ni hitilafu ya programu. Nikamwambia programu haikuwa na hitilafu yoyote. Ilifanya nilivyoiambia.

Kisha nikaomba niende mwenyewe kwa wakulima wale tisa, badala ya kuwatumia barua nyingine. Sita walikuwa bado na muhogo wao shambani, wakanipa pingili, wengine wakanicheka na kunipikia. Wawili walikuwa wamehama na sikuwapata. Wa tisa alikuwa Tingi, baba mmoja aitwaye Saidi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Barua yenu ilisema haufai," akasema. "Nikaung'oa. Nimepanda ufuta."

"Hukubakiza hata shina moja?"

"Ningebakiza kwa nini? Mlisema ninyi."

Hakunifokea. Alinionyesha mahali ulipokuwa umesimama. Ufuta ulikuwa umefika kiunoni, umestawi, unatoa maua. Nikasema samahani, akasema haya. Sijui hata leo muhogo ule ulikuwa na ladha gani. Jina lake liko kwenye daftari letu, na hilo ndilo lililobaki.

Programu niliiandika upya. Haikukimbia tena kama zamani, kwa sababu inachora. Na kila inachoshindwa kukielewa inaandika SIJUI, kisha inasimama, haiendelei mpaka mtu aangalie mchoro na kubonyeza kwamba ameuona. Wageni hawakupenda. Orodha haikuteremka vizuri mbele yao. Waliokuja baada yangu wamekwisha kuibadilisha, na ya kwao ni nzuri kuliko yangu, inatumia dakika moja kwa kazi ya siku nzima. Sina neno na kasi. Ninachowaomba ninyi mnaobonyeza hivyo vitufe ni mjiulize programu yenu inatupa nini, na kilichotupwa kinawekwa wapi, na nani anakwenda kukitazama.

Pingili za Bi. Tumu zilipimwa ugonjwa, zikaonekana safi. Nilizipeleka Kilangala mwenyewe mvua za kwanza zilipoanguka. Alikuwa ameshalima matuta na kuzungushia miiba kwa ajili ya nguruwe. Nikamkabidhi furushi, nikaanza kumweleza habari ya seti tatu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akafungua furushi na kunipa pingili moja.

"Panda wewe," akasema.

Nilikuwa nimekata majani ya muhogo zaidi ya miaka ishirini. Nikachimba kwa jembe, nikaichomeka pingili, nikaifukia vizuri na kuigandamiza kwa mguu. Nikasimama kando.

Bi. Tumu aliinama akaiangalia. Akaichomoa, akaigeuza juu chini, macho ya pingili, pale machipukizi yanapotokea, yakatazama juu yanavyotakiwa, akaichomeka upya. Kisha akafuta mikono kwenye khanga, akachukua nyingine kwenye furushi, akaninyooshea.

"Haya, mwanangu. Tena."